Chokoleti za Siku ya Jina

Msimu wa harmatani, kazi ya kwanza ya Oforiwaa kila asubuhi ilikuwa kumpaka mafuta mdogo wake, Mansa. Upepo mkavu ulioshuka kutoka jangwani uliikausha ngozi ya kila mtu pale mjini Suhum, na magoti ya Mansa ndiyo yaliyotangulia kugeuka meupe, kana kwamba mtoto huyo alilala majivuni. Mama yao, ambaye watoto walimwita Maa, alikuwa na kopo la mafuta ya shea dirishani. Aliyachanganya mwenyewe na dawa kali ya mafua, kwa hiyo nyumba nzima ilinuka dawa hiyo kuanzia Desemba hadi mvua zinyeshe. Oforiwaa alichota kidogo, akasugua goti moja, akasugua la pili, na weupe wote ukatoweka.

"Umenipaka mengi! Macho yananiwasha," Mansa alilalamika.

"Acha yawashe. Unataka watu waseme mtoto wa Asabea anakwenda shule na magoti ya mbuzi?"

Jina la Asabea, mama yao, lilikuwa na uzito katika mtaa ule. Wanawake wengi pale walikuwa na mashamba ya kakao, lakini wengi wao waliuza punje zao kwenye magunia na habari ikaishia hapo. Asabea alibakiza gunia moja la kwake. Aliikaanga kakao yake, akaipepeta maganda, akaisaga pamoja na sukari kwenye mashine ndogo ya mawe iliyonguruma kutwa pembeni mwa jiko, kisha akaimimina kwenye kalibu. Kalibu zake zilikuwa mbili, za alumini, alizotengenezewa na fundi wa sufuria. Moja ilikuwa na vishimo vyenye umbo la tunda la kakao, na nyingine vyenye umbo la kitana cha mbao, kile ambacho tangu zamani ni alama ya mwanamke aliyetunzwa akatunzika. Mtu akila chokoleti ya Asabea alisahau alichokuwa akisema.

Ijumaa moja Maa alikuwa na haraka. Mdogo wake, Dufie, aliyekuwa akikaa nyumba ya pili kutoka kwao, alikuwa amejifungua mtoto wa kike Jumamosi iliyopita, baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja na kukejeliwa. Kesho yake ingekuwa siku ya nane, siku ya mtoto kutolewa nje na kupewa jina. Watu wote walikuwa wakimwita Ama, kwa sababu amezaliwa Jumamosi, lakini jina lake hasa lilikuwa bado moyoni mwa baba yake. Ukoo mzima wa huyo baba ungekuja. Maa alikuwa ameahidi mbele yao chokoleti sitini.

"Mimi nitakuwa kwa mama yako mdogo tangu saa sita, napika," Maa alisema, huku akijifunga kanga kiunoni. Pua yake ilikuwa imeziba kwa mafua. "Chokoleti utazimimina wewe."

Oforiwaa alidhani hakusikia vizuri. "Mimi? Peke yangu?"

"Una miaka kumi na miwili na mikono miwili. Miaka mitatu umekuwa ukinitazama tu. Haya, niambie unafanyaje."

"Naiyeyusha juu ya mvuke. Maji yasiingie hata tone."

"Halafu?"

"Naiondoa motoni, natia vipande vya chokoleti ngumu, nakoroga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikiweka tone chini ya mdomo nilisikie baridi."

"Baridi kidogo, kama pua ya mbuzi. Ukisikia vuguvugu, bado. Mkono utauma. Ukiuma, badilisha mkono. Hapo ndipo chokoleti inapopatikana, Oforiwaa. Kumimina hata mlevi anaweza."

Oforiwaa alikwenda shuleni kifua mbele. Kufikia mapumziko ya asubuhi, darasa zima la sita lilikuwa limeshajua nani atatengeneza chokoleti za siku ya jina.

Aliporudi saa tisa alinawa, akakausha mikono mara mbili, akaanza kazi. Mvuke ulipanda, vipande vikalainika, chokoleti ikawa nzito na nyeusi, na harufu yake ikatoka hadi barabarani. Aliondoa bakuli motoni, akatia vile vipande vigumu, akakoroga. Alikoroga mpaka wimbo wa kwanza alioimba ukaisha. Akaweka tone chini ya mdomo. Vuguvugu. Akakoroga tena. Vuguvugu. Mkono ukaanza kuuma, akabadilisha.

Ndipo kichwa cha Adobea, rafiki yake, kikachungulia dirishani.

"Wewe bado uko hapo? Wasichana wa mtaa wa soko wamekuja! Wanatupiga ampe kama ngoma! Tumebaki nyuma pointi sita!"

Ampe ni mchezo wa kuruka, kupiga makofi na kutupa mguu mbele, na hakuna msichana Suhum aliyeutupa mguu kwa hila kama Oforiwaa.

"Siwezi. Nakoroga."

"Tangu nipite mara ya kwanza unakoroga! Hiyo ni chokoleti au unapika ugali wa kijiji kizima?" Adobea alicheka. "Sawa, kaa. Nitawaambia umeogopa."

Neno hilo lilimchoma. Oforiwaa aliweka tone jingine chini ya mdomo. Lilikuwa bado vuguvugu, na alijua kwamba ni vuguvugu. Lakini akajiambia kuwa si joto sana, na kwamba joto lililobaki litaisha lenyewe ndani ya kalibu. Akamimina, akazisukuma kalibu kwenye friji, akatoka mbio huku akifungua aproni.

Ampe walishinda. Wasichana wa mtaa wa soko walirudi kwao vichwa chini, na Oforiwaa akabebwa juu juu.

Jua lilipokuwa likizama alirudi jikoni, akageuza kalibu ya kwanza mezani. Hakikutoka kitu. Akaigonga. Vikaanguka vipande viwili, kimoja kimepasuka. Ikabidi azichokoe zilizobaki kwa ncha ya kisu, moja moja. Na zilipotoka, akaona. Chokoleti hazikuwa nyeusi za kung'aa kama za Maa. Zilikuwa na michirizi ya kijivu na madoa meupe, zimepauka mgongo mzima.

Aliipasha moto tena chokoleti iliyobaki bakulini, akazijaza kalibu mara ya pili na ya tatu, akitumaini muujiza. Chokoleti haina muujiza. Zote sitini zilitoka zimepauka vilevile.

Ajabu ya kosa dogo ni kwamba linaweza kurekebishwa bado likiwa dogo. Oforiwaa angeweza kuvuka ua mmoja tu na kusema, "Maa, nimeharibu." Maa angefoka, wangeziyeyusha upya, na hadithi hii ingekuwa imekwisha. Lakini sauti ya Maa ndiyo iliyotangulia kuja, kutoka ng'ambo ya ua.

"Oforiwaa! Mambo vipi huko?"

"Tayari, Maa!"

"Ulikoroga?"

"Nilikoroga mpaka mkono ukauma!"

Mkono kweli uliuma. Uongo uliochanganywa na ukweli kidogo huteremka kooni kwa urahisi kuliko ule mtupu.

"Ngoja nije nione."

"Usije, Maa! Bado sijazipamba. Utaziona zikiwa nzuri."

Maa akacheka, akarudi kwenye vyungu vyake. Oforiwaa akabaki anazitazama zile chokoleti zilizopauka. Zilimkumbusha magoti ya Mansa. Akageuka polepole kulitazama lile kopo dirishani.

Alitumia kitambaa laini. Tone dogo la mafuta ya shea, sugua, na ule weupe ukafa. Chokoleti ya kwanza iling'aa kuliko hata za Maa. Akasugua ya pili, ya tatu, ya kumi. Kisha akachukua koni ya karatasi iliyojazwa siagi nyeupe ya kakao iliyochanganywa na maziwa ya unga, akatia vidoti vyeupe kwenye kila tunda na mistari myembamba kwenye meno ya kila kitana. Madoa yaliyokaidi alihakikisha yamefunikwa na kidoti. Lazima tuseme ukweli: mkono wake ulikuwa na kipaji. Alizipanga kwenye sinia kubwa, akazifunika kwa kitambaa cheupe.

Alipolamba kidole, ulimi ulipoa ghafla na pua ikafunguka. Dawa ya mafua! Alikuwa ameisahau kabisa.

"Watakula haraka," alijiambia. "Hawatajua."

Maa aliporudi alifunua kitambaa chini ya taa, akazitazama moja moja. Pua yake ilikuwa imeziba, na nyumba ilinuka dawa ile kama kawaida, kwa hiyo hakunusa lolote. Alimvuta binti yake, akambana kifuani kwa nguvu.

"Mimi nilianza nikiwa na miaka ishirini," alisema. "Na za kwanza niliwatupia kuku."

Chakula cha jioni kilimshinda Oforiwaa.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, ua wa mama mdogo Dufie ulikuwa umejaa watu waliovaa nguo nyeupe. Upande mmoja ulikaa ukoo wa baba mtoto, Ofosu, na upande wa pili ukoo wa mama. Aliyechaguliwa kumtoa mtoto alikuwa shangazi wa Ofosu, Nana Boahemaa, aliyeitwa Nana kwa heshima ya uzee wake, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye meno manane na ulimi mmoja mkali uliofidia meno yote yaliyotoka. Hakuchaguliwa kwa umri wala kwa mali. Alichaguliwa kwa sababu Suhum nzima haikumkumbuka akisema jambo ambalo si kweli, hata pale ambapo watu wangependa sana aseme uongo kidogo.

Nana Boahemaa alitoka ndani na mtoto mikononi, akaketi, akamlaza mapajani. Mbele yake palikuwa na bilauri mbili, moja ya maji na moja ya gini. Alichovya kidole kwenye maji, akamdondoshea mtoto ulimini.

"Ukisema maji," alisema, "yawe maji."

Akachovya kwenye gini, akamgusisha tone dogo.

"Ukisema pombe, iwe pombe."

Mtoto akakunja uso, watu wakacheka. Nana Boahemaa hakucheka. Akarudia mara ya pili, na mara ya tatu, polepole, kana kwamba kijana mzima amekaa mbele yake. Maji yawe maji. Pombe iwe pombe.

Oforiwaa alikuwa amesimama nyuma, karibu na meza yenye sinia. Alikuwa amehudhuria siku za jina nyingi, na kila mara sehemu hii alikuwa akiisubiri tu iishe ili watu wale. Leo kila neno lilimwingia kama mwiba. Alijisikia kana kwamba yeye ndiye aliyelazwa pale mapajani.

"Jina lako ni Ama Nyarkoa," Nana Boahemaa alitangaza, "jina la bibi yako mzaa baba, aliyekuwa mkweli. Umekuja kukaa, basi kaa."

Nyarkoa! Watu waliitikia kwa pamoja. Mama mdogo Dufie alilia bila kujificha, na Ofosu akajifanya ameingiwa na vumbi machoni.

"Sasa kinywa changu nacho kinadai haki yake," alisema Nana Boahemaa, baada ya kumrudisha mtoto kwa mama yake. "Eto ya viazi vikuu na mayai italiwa, lakini nimesikia kuna kitu kinachong'aa."

Maa akainuka. Ilikuwa zamu yake. Alifunua sinia kwa mikono miwili na ua mzima ukaguna kwa mshangao.

"Nana, mjue mnachokula," Maa alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Hizi sikuzigusa mimi. Amezitengeneza binti yangu huyu, peke yake, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mashangazi wa Ofosu walitazamana. Mmoja alisema, "Asabea, huyo umemlea." Maa alisimama pale akitabasamu, mrefu kuliko siku zote, na Nana Boahemaa akanyoosha mkono, akachagua kitana kimoja, akakipeleka mdomoni.

"Nana, usile!"

Sauti ilitoka kabla Oforiwaa hajaamua kusema. Mkono wa Nana ukasimama hewani. Watu wote wakageuka.

"Nimezipaka mafuta ya shea," Oforiwaa alisema. Alijua akinyamaza sasa hatasema tena. "Ya kopo la dirishani, yenye dawa ya mafua. Zilipauka kwa sababu sikukoroga mpaka mwisho. Nilikwenda kucheza ampe. Maa aliniuliza, nikamdanganya. Yeye hajui. Kosa si lake."

Shangazi yule yule aliyemsifu Maa akaziba mdomo. "Ebo! Chokoleti ya mafua!" Kicheko kikapasuka upande wa wakwe, na kila kicheko kilimpiga Maa usoni. Tabasamu lake lilikuwa bado halijajua pa kwenda.

Nana Boahemaa aliisogeza ile chokoleti puani, akanusa.

"Kweli. Pua yangu ya kushoto ilikuwa imeziba tangu Krismasi, na sasa imefunguka." Akaiweka chini. "Binti, nani alijua jambo hili?"

"Hakuna, Nana."

"Nani amekulazimisha useme?"

Oforiwaa alitazama chini. "Yale maji, Nana. Uliyompa mtoto."

Kicheko cha wakwe kikafa chenyewe.

"Wageni wa chakula wanakuja saa nne," alisema Nana Boahemaa. "Sasa hata saa moja haijafika. Sijui kwa nini binti huyu bado yuko hapa. Na hizo chokoleti msizitupe, nipeni mimi. Nitajipaka magotini. Hayajawahi kuonja kitu kitamu maskini."

Maa alitembea mbele hadi nyumbani, Oforiwaa akamfuata. Jikoni alikaa kwenye kigoda, akajifuta uso na ncha ya kanga.

"Umenitia aibu mbele ya wakwe wa mdogo wangu."

"Najua, Maa. Nisamehe."

"Za kupauka hata mimi nilizimwaga nyingi. Kilichoniuma si hicho. Nilikuuliza, Oforiwaa. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Oforiwaa alilia. Maa alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akatoa kabatini bakuli dogo la chokoleti aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya wiki ijayo.

"Imebaki hii tu. Sitini hazifiki, hata nusu yake hazifiki. Mimi nitakaa hapa na sitagusa kitu."

Oforiwaa alinawa, akakausha mikono mara mbili. Akayeyusha, akaondoa motoni, akatia vipande vigumu, akakoroga. Vuguvugu. Akabadilisha mkono. Vuguvugu. Adobea akachungulia dirishani, mara hii bila kicheko, kwa maana habari ilikwishafika mtaani.

"Ni mimi niliyekuita jana," alisema. "Nikusaidie kukoroga?"

"Hukunibeba. Nilikuja kwa miguu yangu," Oforiwaa alijibu bila kuinua macho. "Lakini kama unataka, nikunjie koni za karatasi."

Adobea akaingia, akaanza kukunja. Bega la Oforiwaa liliwaka moto. Alikoroga tu. Aliona jinsi chokoleti ilivyoanza kubadilika kwenye mwiko, ikawa nzito zaidi na laini kama hariri, jambo ambalo jana hakulingoja. Akaweka tone chini ya mdomo. Lilikuwa baridi. Baridi kidogo tu, kama pua ya mbuzi. Akachovya ncha ya kisu, akakiweka kando, na hata kabla hajahesabu mia mbili ile chokoleti ilikuwa imeganda na kung'aa yenyewe. Akamtazama Maa. Maa akatazama ukuta, lakini mdomo wake ulikuwa umelegea.

Kalibu ilipogeuzwa, chokoleti zilianguka mezani zote kwa pamoja, bila kugongwa, kana kwamba nazo zilikuwa na hamu ya kutoka. Zilikuwa nyeusi, nyororo, hazina doa. Adobea alipiga yowe. Oforiwaa alizihesabu baada ya kalibu ya mwisho: ishirini na saba. Akazipamba kwa vidoti na mistari myembamba, na safari hii hapakuwa na cha kuficha, basi akaweka vidoti pale tu vilipopendeza.

Saa nne ua ulikuwa umefurika. Maa alitaka kubeba sinia, Oforiwaa akaliomba yeye. Alianzia kwa wakwe.

"Maa aliahidi sitini," alimwambia kila mtu, akimpa kwa mkono wa kulia. "Niliziharibu. Hizi ni ishirini na saba, kwa hiyo mgawane wawili wawili. Tafadhali."

Nana Boahemaa alichukua kitana chake, akakishika pande mbili, akakivunja. *Ta!* Sauti ilisikika hadi getini. Kisha ua mzima ukaanza kuvunja, *ta*, *ta*, *ta*, watu wakicheka na kupeana nusu, hata waliokuwa hawajasalimiana tangu asubuhi. Halafu kukawa kimya, kimya cha watu waliosahau walichokuwa wakisema.

"Asabea," Nana Boahemaa alisema hatimaye, akilamba kidole, "hii ni yako kabisa. Ningefumba macho ningeapa ni mkono wako."

"Ni wake, Nana," Maa alijibu. "Nilikaa tu."

Wageni wakaanza kuita: mtoto yuko wapi, wamwone mtoto! Shangazi yule wa kicheko akajitengeneza nguo, akasogea mbele, kwa kuwa kumzungusha mtoto kwa wageni ni heshima, na watu husema mtoto hufuata tabia ya aliyembeba siku yake. Mama mdogo Dufie akampita. Akamwendea Oforiwaa.

"Nawa mikono. Utambeba wewe."

Oforiwaa alirudi nyuma hatua moja. "Mimi, mama mdogo? Mimi si ndiye niliyedanganya?"

"Nimengoja mtoto huyu miaka kumi na mmoja," alisema Dufie. "Unadhani ningempa mtu bila kufikiri?"

Nana Boahemaa akagonga chini kwa fimbo yake ili watu wanyamaze.

"Sikilizeni, na nyinyi watoto mlio ukutani sikilizeni zaidi. Mimi naitwa mkweli kwa sababu nimezeeka na sina tena ninachoogopa. Hiyo si kazi kubwa. Kazi kubwa ni ya mtoto aliyesimama mbele ya watu, mama yake akisifiwa, kosa lake likiwa limefunikwa na kung'aa, akalifunua mwenyewe. Kila mkono hukosea. Mkono uliokosea hurudia kazi, na kazi ikafaa. Lakini neno la uongo halina kalibu ya kulirudishia. Dawa yake ni moja, kulisema mapema, hata kama unatetemeka. Mpeni mtoto."

Oforiwaa alinawa mpaka kwenye viwiko. Ama Nyarkoa aliwekwa mikononi mwake, mwepesi kuliko alivyodhani, mwenye joto, kinywa wazi. Aliitegemeza shingo yake kama alivyoelekezwa, akaanza upande wa kulia, akipita mgeni mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake alitembea Maa na sinia tupu, akiinama kwa kila mgeni na kusema jambo lile lile, bila kuchoka.

"Huyu aliyembeba ni binti yangu."